Goma: Mwalimu wa muda na watoto waliozoea kuachwa

Katika kambi za wahami wa vita zilizouzunguka mji wa Goma, jimbo la Kivu ya Kaskazini, walimu wengi waliofundisha chini ya turubai walikuwa walimu wa muda. Mmoja alikuja kwa miezi mitatu, mwingine kwa muhula mmoja, mwingine alimshikia nafasi mwenzake aliyejifungua. Wote walikutana na swali moja: mwalimu anayejua kwamba ataondoka anawezaje kujenga uhusiano na watoto ambao tayari wameachwa na watu wengi?

Swali hilo si dogo. Vita vya M23 vilianza tena mwishoni mwa 2021. Bunagana ilichukuliwa tarehe 13 mwezi wa sita 2022, kisha Rutshuru na Kiwanja mwezi wa kumi mwaka huo huo. Familia zilishuka kuelekea Goma. Nyingine zilisimama Kanyaruchinya, nyingine zikaendelea mpaka Bulengo na Lushagala. Mwezi wa pili 2024 mapigano yalifika karibu na Sake, kilomita 25 hivi kutoka Goma, na watu wa Masisi nao wakamiminika. Mwaka huo, katika Kongo nzima, watu zaidi ya milioni 7 walikuwa wamehama makwao.

Kwa mtoto, hesabu hiyo ina maana nyingine. Aliyekuwa mwaka wa pili wa shule ya msingi siku Bunagana ilipochukuliwa alipaswa kuwa mwaka wa nne mwanzoni mwa 2024. Lakini wengi walikuwa wamepita kambi mbili au tatu bila kumaliza hata muhula mmoja. Kila mahali waliacha rafiki, jirani na mwalimu. Mara nyingi hapakuwa na nafasi ya kuaga.

Mmoja wa walimu wa muda alikuwa mama wa watoto watatu, aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi huko Masisi. Alikimbia Sake mtoto mdogo akiwa mgongoni, na yeye mwenyewe alikuwa mhami kama wanafunzi wake. Mwezi wa tatu 2024 aliombwa ashike darasa la mwaka wa nne katika kambi moja magharibi mwa Goma, mpaka mwisho wa mwaka wa masomo, kwa sababu mwalimu wa darasa hilo alikuwa karibu kujifungua. Watoto walimwita Madamu, kama wanavyowaita walimu wote wa kike. Kwao alikuwa mwalimu wa tatu mwaka ule.

Darasa lilikuwa miti iliyosimikwa katika mawe meusi ya volkano, turubai juu na pembeni, ubao mmoja na mabenchi yasiyotosha. Kundi moja lilisoma asubuhi, jingine mchana. Mvua ilipopiga turubai hakuna aliyesikia neno. Jua lilipowaka, joto la ndani liliwalaza watoto vichwa juu ya magoti.

Majina kwanza

Orodha aliyokabidhiwa ilikuwa na majina ya watoto waliokwisha kuondoka, na haikuwa na majina ya waliofika juma lile. Angeweza kuhesabu vichwa tu na kuanza somo. Badala yake alitumia juma la kwanza kujua nani ni nani. Aliokota katoni za msaada wa chakula, akazikata vipande, na kila mtoto akaandika jina lake na kuliweka mbele yake. Asiyejua kuandika aliandikiwa na mwenzake, kisha akanakili herufi zake mwenyewe.

Mle darasani walikuwamo Bahati watano. Katika Kivu hilo si ajabu. Mpaka siku ile walikuwa wakiitwa kwa namba, Bahati wa kwanza mpaka wa tano, na yule wa tano hakuwa akiitika. Madamu aliwaomba wachague wenyewe namna ya kutofautishwa. Mmoja akawa Bahati wa mpira, mwingine Bahati wa mapacha kwa sababu alikuwa na wadogo mapacha, mwingine Bahati wa nyimbo. Wa tano alifikiri siku mbili, kisha akasema anataka kuitwa Bahati tu, basi. Wenzake wanne walikubali, na tangu hapo akaanza kuitika.

Kuna swali moja ambalo Madamu hakuliuliza mbele ya darasa: "Wewe ni wa wapi?" Mahali pengine ni swali la salamu. Katika Kivu ya leo, jina la kijiji linaweza kuonyesha kabila, na kabila linaweza kufanya watoto wawili waliokaa benchi moja wasogeleane au wasogezwe mbali na wazazi wao. Kwa hiyo aliwapanga watoto kwa urefu na kwa uwezo wa kuona ubao, si kwa lugha wala kwa mahali walikotoka. Swali aliloliuliza lilikuwa lingine: "Unajua kufanya nini?" Mmoja alijua kukamua ng'ombe. Mwingine alijua kutenganisha mbegu nzuri za maharagi na mbovu. Msichana mmoja alijua kubeba bidoni ya lita 20 bila kumwaga. Madamu aliyaandika yote katika daftari lake, jina kwa jina.

Jibini la Masisi na somo la hesabu

Nyuma kabisa alikaa mvulana wa miaka kumi na miwili hivi ambaye kwa majuma matatu hakusema neno. Alikuja, akakaa, akaandika kilichokuwa ubaoni, akaondoka. Mama yake, alipotembelewa hemani, alieleza kwa ufupi: "Madamu, tangu tutoke kwetu huyu mutoto hasemi. Kule alikuwa anafata ng'ombe na babu yake. Babu alibaki." Hakuongeza neno, na Madamu hakumuuliza kama kubaki maana yake ni kufa.

Juma lililofuata somo lilikuwa vipimo: lita, nusu lita, kilo. Kitabu kilikuwa na mfano wa dukani, lakini watoto wengi hawakuwa wameona duka la namna ile. Madamu aliweka kitabu chini, akachora ubaoni gurudumu la jibini, lile jibini la Masisi ambalo watu wa Goma wanalijua vizuri. Akauliza: ili kupata kilo moja ya jibini, yanahitajika maziwa kiasi gani? Mmoja akasema lita moja. Mwingine akasema mbili. Kutoka nyuma ikasikika sauti ndogo: "Kumi."

Darasa likageuka. Madamu hakupiga makofi, wala hakusema "Hatimaye umesema!" Alinyoosha tu mkono wenye chaki na kuuliza: basi kwa kilo nne? Mvulana akaja mbele, akaandika 40. Kisha, bila kuombwa, akaeleza kwamba wakati wa kiangazi ng'ombe hutoa maziwa machache, kwa hiyo mwenye kutengeneza jibini hukusanya ya watu wawili au watatu. Hapo somo la kuzidisha likawa pia somo la kugawanya: kama watu watatu wameleta lita 12, 10 na 8, kila mmoja anastahili kilo ngapi? Watoto walibishana mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Mvulana yule hakugeuka msemaji baada ya siku ile. Alibaki mtoto wa maneno machache. Ila alianza kufika mapema kufuta ubao, na kazi hiyo hakumwachia mtu mwingine mpaka mwaka wa masomo ulipoisha.

Lugha nayo ilihitaji uvumilivu. Darasani walikuwamo watoto wanaosema Kihunde nyumbani, wengine Kinyarwanda, Kinande au Kihavu. Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Lakini mtihani wa mwisho wa shule ya msingi unawasubiri kwa Kifaransa. Madamu aliweka utaratibu wa hatua tatu: mtoto anafikiri na kunong'ona na mwenzake kwa lugha yoyote, anajibu kwa Kiswahili ili wote waelewe, kisha darasa zima linatafuta sentensi ya Kifaransa na kuisema pamoja. Hakuna aliyechekwa kwa sababu ya matamshi, kwa kuwa wote walikuwa wakikosea pamoja.

Waliochelewa

Watoto wengi hawakuchelewa kwa uvivu. Foleni ya maji ilianza kabla ya jua kuchomoza. Wengine walikwenda kutafuta kuni, wengine walibaki na wadogo zao mpaka mama arudi kutoka kibarua. Katika shule nyingine mlango hufungwa saa ya kuanza. Darasa la turubai halikuwa na mlango, na Madamu hakutaka kuweka mlango wa maneno.

Aliacha benchi moja tupu karibu na pa kuingilia. Anayechelewa alikaa hapo kimya, bila kuulizwa kitu mbele ya wenzake, na jirani yake alikuwa na kazi ya kumwonyesha somo limefika wapi. Aliyekuja na mdogo wake mgongoni aliruhusiwa kumlaza juu ya kikwembe kilichotandikwa pembeni. Siku nyingine walilala hapo watoto wachanga watatu au wanne, na darasa lilijifunza kusoma kwa sauti ya chini. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba shule imekuwa mahali pa kulelea watoto. Madamu aliwajibu kwa heshima kwamba msichana anayekuja na mdogo wake anasoma, na anayebaki hemani naye hasomi. Baada ya hapo malalamiko yalipungua.

Kwa wavulana wakubwa hatari ilikuwa nyingine. Mtoto wa miaka 13 au 14 asiye na darasa wala shamba huzunguka, na kwenye njia anazozunguka wapo wenye bunduki wanaotafuta vijana. Mvulana mkubwa alipokosekana siku mbili, Madamu alikwenda hemani kwao jioni ileile. Hakwenda kukemea. Alikwenda na daftari, akamwambia mtoto walichosoma wenzake. Wazazi wengi walisema ziara hiyo iliwashangaza kuliko msaada wowote, kwa sababu mtu alikuwa amegundua kwamba mtoto wao hayupo.

"Madamu, kesho utakuya?"

Tangu juma la kwanza, msichana mmoja mdogo alisimama kila mchana kwenye pa kutokea na kuuliza swali lilelile: "Madamu, kesho utakuya?" Walimu wawili waliotangulia walikuwa wameondoka bila kusema. Mmoja alipata kazi mjini, mwingine familia yake ilihamia kwingine usiku mmoja. Hakuna anayeweza kuwalaumu, lakini watoto walibaki wakimsubiri mtu asiyekuja.

Ni rahisi kumjibu mtoto kama huyo, "Nitakuwa nanyi siku zote." Madamu hakusema hivyo. Alijibu, "Kesho nitakuya," na kesho yake alikuja. Kisha akachukua katoni ndefu, akachora mistari, mmoja kwa kila juma lililobaki mpaka mwanzo wa mwezi wa saba. Kila ijumaa mtoto mmoja alifuta mstari. Aliwaeleza wazi kwamba yeye ni mwalimu wa muda, kwamba mwalimu wao alikwenda kujifungua, na kwamba mistari ikiisha ataondoka, nao watajua siku yenyewe. Wengine waliguna. Yule msichana alihesabu mistari kwa kidole, akahesabu tena, kisha akaenda nyumbani. Aliendelea kuuliza kwa majuma mawili zaidi. Halafu akaacha, na badala yake akawa anasema tu, "Kesho, Madamu."

Watoto waliopitia vita wanazijua ahadi kubwa. Waliahidiwa kwamba watarudi nyumbani baada ya siku tatu, na miaka miwili ikapita. Kinachowatuliza ni ahadi ndogo inayotimizwa mara nyingi: saa ileile, wimbo uleule wa kuanzia, mahali palepale pa kukaa, mtu yuleyule anayetaja majina yao.

Baada ya mabomu ya mwezi wa tano

Tarehe 3 mwezi wa tano 2024 mabomu yaliangukia kambi za wahami za Mugunga na Lac Vert. Watu wengi waliuawa, watoto wakiwemo. Katika kambi za jirani, siku zilizofuata nusu ya watoto hawakuja darasani. Wazazi waliwashika karibu, na hilo lilieleweka.

Waliokuja, Madamu hakuwauliza walichokiona. Aliyetaka kusema alisikilizwa pembeni, asiyetaka aliachwa. Alianza na wimbo wa kila siku, akataja majina yote, hata ya wasiokuwepo, kisha akagawa karatasi za kuchora. Baadhi walichora moto. Baadhi walichora mpira. Hakuna mchoro uliosahihishwa.

Mtoto mmoja alimuuliza kama bomu litaanguka na hapo. Alimwambia hawezi kuahidi kwamba halitaanguka. Alichoweza kumwambia ni watakachofanya wakisikia mlio: watalala chini, mikono juu ya kichwa, mkubwa amshike mdogo, na yeye atakuwa wa mwisho kuondoka. Walifanya zoezi hilo kila jumatatu, kwa dakika chache tu, kama wanavyorudia jedwali la kuzidisha. Baada ya majuma mawili benchi zilikuwa zimejaa tena karibu zote.

Karatasi moja kwa kila mtoto

Mwezi wa sita Madamu alianza kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Kwa kila mtoto aliandika karatasi moja. Juu aliandika jina, mwaka wa masomo na shule ya mwisho aliyosoma kabla ya kuhama. Chini aliandika anachokiweza: anasoma sentensi fupi kwa Kifaransa, anazidisha mpaka 10, bado hajaanza sehemu. Mwisho aliandika mstari mmoja juu ya mtoto mwenyewe: anasaidia wadogo, anachora vizuri, ni mwaminifu kwa kazi ya ubao. Direkta alitia sahihi. Karatasi ilikunjwa na kuwekwa ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isiiharibu.

Siku mbili kabla ya mwisho, mwalimu mwenye darasa alikuja na mtoto wake mchanga, akakaa benchi moja na wanafunzi, na Madamu akamtambulisha kila mmoja kwa jina na kwa kile anachojua kufanya. Yule wa jibini alitajwa kwa jibini, na Bahati wa tano akatajwa kuwa Bahati tu, basi. Siku ya mwisho mstari wa mwisho ulifutwa, wakaimba, wakaagana. Wengine walilia, na Madamu naye. Ila hakuna aliyemsubiri jumatatu iliyofuata bila kujua yuko wapi.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia Goma. Mwezi wa pili watu wa kambi waliambiwa waondoke kwa muda mfupi sana, na turubai zikashushwa. Familia zilitawanyika: nyingine zilirudi Rutshuru na Masisi kukuta nyumba bila mabati, nyingine zikajibanza kwa wenyeji mjini. Darasa lile halipo tena, hata miti yake ilibebwa.

Karatasi chache zilionekana baadaye. Baba mmoja aliyerudi kijijini alimpelekea direkta wa huko mfuko wa plastiki uliofifia. Direkta aliisoma karatasi, akampa mtoto jaribio dogo la kusoma na kuhesabu, akampokea mwaka wa tano. Baba alikuwa ameshajiandaa kusikia kwamba mtoto aanze upya mwaka wa pili. Karatasi za wengine hazikujulikana zilikofika, na nyingine huenda zilipotea njiani.

Kwa familia ambazo bado zinahama, kuna mambo machache yanayosaidia. Mzazi anaweza kumwomba mwalimu yeyote, hata wa muda, maandishi mafupi ya kile mtoto anachokijua, na kuyahifadhi pamoja na vyeti vya familia. Mwenye kukosa karatasi anaweza kumwomba direkta ampime mtoto badala ya kumrudisha nyumbani. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu 2019 serikali ilianza kulitekeleza hilo. Mtoto mkubwa aliyepoteza miaka mingi anaweza kuulizia vituo vya kufidia masomo, ambako miaka sita ya msingi husomwa kwa miaka mitatu.

Na kwa mwalimu anayeombwa kushika darasa kwa majuma machache tu, kazi haina budi kuanza na mambo mawili yasiyohitaji pesa: kuyajua majina yote, na kusema mapema siku atakayoondoka. Madamu kwa sasa anafundisha mahali pengine, tena kwa muda, darasa la watoto ambao hakuwajua kabla. Juma la kwanza alilitumia kukata katoni.